VIZA HAIJATOKA, TAYARI UMESHAAGWA!

KIJANA mwenzangu, hebu weka chini hicho kikombe cha kahawa tuzungumze. Nazungumza na wewe mwenye bahasha ya kaki kabatini, ndani yake mna risiti ya ubalozi, nakala ya pasipoti, taarifa ya benki na picha mbili za mgongo mweupe zilizobaki. Umeambiwa usubiri, nawe unasubiri. Simu ikilia kwa namba usiyoijua moyo unaruka, ukipokea ni jamaa wa kampuni ya simu anakuuzia mlio. Mwezi wa kwanza ulikuwa unahesabu siku. Mwezi wa tatu umeacha kuhesabu, na mtaani umeanza kupita njia ya nyuma.

Hiyo njia ya nyuma ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mtaani kwetu Kigogo (Kigogo ya walalahoi, siyo ya wale vigogo unaowafikiria) kuna fundi wa friji. Kijana wa miaka ishirini na sita, mkono wake mwepesi, alikuwa na kibanda chake kando ya barabara na pikipiki moja aliyompa dogo aendeshe bodaboda, jioni analetewa hesabu. Hakuwa tajiri, lakini hakuwa akimlilia mtu. Akapata nafasi katika chuo cha ufundi cha nchi moja ya Ulaya, mwaka mzima wa kusomea mitambo ya baridi. Mjomba wake aliyeko huko akajitolea kulipa nusu. Mwezi wa nne akapeleka makaratasi, akachukuliwa alama za vidole, akahojiwa dakika kumi, akaambiwa, "Tutakupigia."

Unajua alichofanya? Akauza pikipiki. Akauza geji zake, pampu ya kuvutia hewa na mtungi wa gesi. Kibanda akamwachia mwenzake, chumba akarudisha kwa mwenye nyumba, akahamia kwa dada yake Tabata "kwa wiki chache tu". Mwezi wa nane wakamfanyia sherehe ya kumwaga. Pilau ikapikwa, spika zikapigwa mpaka usiku, wazee wakasoma dua. Sisi wa kijiweni tukachanga elfu sabini, tukazitia kwenye bahasha. Bi mkubwa wake akalia mbele za watu.

Mwezi wa tisa masomo yakaanza huko. Mwezi wa kumi chuo kikaandika kwa adabu kwamba nafasi haiwezi kuendelea kushikwa. Na ubalozi? Ubalozi haujasema ndiyo, haujasema hapana. Pasipoti yake iko kwao.

Ndugu yangu, huyu hajanyimwa viza. Angenyimwa mwezi wa tano, mwezi wa sita angekuwa kibandani kwake anaunganisha bomba. Kilichomuua ni ukimya. Leo anatoka usiku kununua vocha. Juzi katoto ka jirani kakamuuliza mbele za watu, "Anko, kwani hukwenda Ulaya?" Na wapo miongoni mwetu, aibu iwe juu yetu, wanaonong'ona kwamba alikula zile elfu sabini kwa safari ya uongo.

Usidhani nakuhubiria nikiwa juu ya mti. Yalinikuta na mimi, miaka kadhaa iliyopita, kwenye ubalozi ambao sitautaja. Nilialikwa semina ya waandishi, siku tatu, tiketi inalipwa na wenyeji. Nikakimbilia Karume kununua koti la baridi la mtumba, zito kama godoro. Nikamwambia kila mtu. Semina ikaanza, ikaisha, wenzangu wakarudi makwao. Siku ya kumi na moja baada ya semina kufungwa nikapigiwa simu: njoo uchukue pasipoti. Nikaenda. Viza imo ndani! Imepigwa vizuri, inang'aa, ya kwenda kwenye mkutano ambao viti vyake vilikwisha kukunjwa. Koti lile mama watoto hufunikia cherehani.

Mimi nilipoteza koti na heshima kidogo. Fundi alipoteza mtaji. Hapo ndipo nataka tukae, kwa sababu mtu akicheleweshwa hulia juu ya ubalozi, na ana haki ya kulia, lakini hasara kubwa mara nyingi inatokea huku huku kwetu, siku mtu alipouza kile kilichokuwa kinamlisha kwa ajili ya karatasi ambayo haijatoka.

Sasa nikupe silaha, maana vijana wengi wanasubiri bila kujua wanasubiri kwa sheria gani.

Nchi za Ulaya za Schengen zina kanuni moja ya viza ya muda mfupi, ile ya matembezi, mikutano na biashara, isiyozidi siku 90. Waliipitisha 2009, wakairekebisha 2019. Inasema uamuzi utolewe ndani ya siku 15 tangu ombi lililokamilika lipokelewe. Wakiona ombi lako linahitaji kuchunguzwa zaidi wanaweza kurefusha, lakini mwisho ni siku 45. Inasema pia kwamba ukiomba miadi ya kupeleka makaratasi, kwa kawaida upangiwe ndani ya wiki mbili. Na inakuruhusu kuomba hadi miezi sita kabla ya safari. Wangapi kati yetu wanajua hilo la miezi sita? Mtu ana harusi ya ndugu yake mwezi wa kumi na mbili, anaanza kutafuta taarifa ya benki mwezi wa kumi na moja tarehe ishirini, halafu anasema wazungu wana roho mbaya.

Kwa mwanafunzi mambo ni mengine. Anayekwenda zaidi ya miezi mitatu hahesabiwi kwa siku 15. Umoja wa Ulaya una maagizo yake ya 2016 kuhusu wanafunzi na watafiti, yanayotaka uamuzi usizidi siku 90 baada ya ombi kukamilika. Uingereza, ambayo ilishajitoa huko, inasema viza ya kutembea huchukua kama wiki tatu kwa kawaida.

Umeliona hilo neno "kukamilika"? Lishike, maana mchezo wote umo humo. Ukikosa karatasi moja, saa haijaanza kugonga. Wewe unahesabu siku ya arobaini, wao wanakuhesabia siku ya kwanza, au hawajaanza kuhesabu kabisa. Ndiyo maana nakwambia, siku ya kupeleka makaratasi usiondoke dirishani bila kuuliza, kwa heshima lakini kwa sauti inayosikika: faili langu limekamilika? Kuna kinachopungua? Andika jibu, andika tarehe. Siku ya 16 ikipita bila jibu, andika barua pepe fupi yenye namba ya ombi. Siku ya 45 ikipita, andika nyingine, uitaje kanuni. Usitukane. Usilie. Barua ya mistari minne yenye namba na tarehe hujibiwa upesi kuliko kurasa tatu za masikitiko.

Na wakikunyima viza hiyo ya muda mfupi, wana wajibu wa kukupa sababu kwa maandishi kwenye fomu maalumu, na una haki ya kukata rufaa. Usikubali kurudishiwa pasipoti tupu na tabasamu. Ile fomu iliyotiwa alama ndiyo ramani ya ombi lako linalofuata.

Marekani ni habari nyingine kabisa. Sheria yao ya uhamiaji ya 1952, kifungu cha 214(b), inamchukulia kila mwombaji wa viza ya muda kuwa anakwenda kuhamia mpaka athibitishe kinyume. Yaani unaingia dirishani ukiwa tayari mshitakiwa. Ada ya kutembea ilipandishwa Juni 2023 kutoka dola 160 hadi 185, na hairudi ukinyimwa. Kisha kuna kile kikaratasi cha kifungu cha 221(g). Kisheria umenyimwa, lakini kinakwambia ombi lako linaweza kuendelea kushughulikiwa, na hakina tarehe ya mwisho. Wapo waliokaa nacho kama pete ya ndoa.

Tena mlango wenyewe hubadilika ukiwa umesimama mbele yake. Wale wa bahati nasibu ya Green Card mnakumbuka mwaka 2020. Tarehe 31 Januari mwaka ule Rais wa Marekani alitia saini tangazo lililoiondoa Tanzania, pamoja na Sudan, kwenye bahati nasibu ile. Lilifutwa 20 Januari 2021 alipoingia rais mwingine. Lakini bahati nasibu ina mwaka wake, unaofungwa 30 Septemba, na ambaye hajapata viza siku hiyo ushindi wake umekufa. Mtu alishinda, akasherehekea, akafa na karatasi mkononi, naye hakukosea kitu. Oktoba 2025 wakatuweka kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya kutembea anaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Desemba mwaka huo huo likatiwa saini tangazo jingine, Tanzania ikaingizwa kwenye nchi zenye vizuizi kuanzia 1 Januari 2026. Nani angeuza pikipiki Septemba 2025 akijua hayo? Ndiyo nakwambia, hakuna anayejua.

Tuje kwenye mshiko. Viza ya Schengen tangu 11 Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima. Hiyo ni karibu robo milioni ya kwetu. Ile kampuni inayopokea makaratasi kwa niaba ya ubalozi nayo ina ada yake, ambayo kwa kanuni ile ile haitakiwi kuzidi nusu ya ada ya viza. Weka bima ya safari ya kufidia si chini ya yuro 30,000, weka picha, tafsiri za vyeti, nauli za kwenda na kurudi. Muuza mitumba wa Ilala akimaliza hapo amekula faida ya miezi mingapi? Na anayeamua jambo lake hapotezi hata senti faili likilala mezani.

Halafu kuna vishoka. Hawa jamaa wamejaa mjini kama inzi wa buchani. Wanavaa vizuri, wana laptop, wanakukuta kwenye ngazi za jengo la karibu na ubalozi na kukwambia wana mtu ndani. Hawana mtu ndani! Anachofanya kishoka ni kukujazia fomu ambayo ungejaza mwenyewe, kukutafutia miadi, na kukukodishia pesa ya kuweka benki ili akaunti ionekane imenona. Hilo la mwisho ndilo sumu. Afisa wa viza akiona akaunti iliyokuwa na elfu arobaini mwaka mzima ghafla inalala na milioni kumi na mbili, hahitaji shule kubwa kuelewa. Wewe unapigwa chini, kishoka anachukua pesa zake na riba, na kumbukumbu inabaki kwenye jina lako, siyo lake. Ombi lako la miaka mitatu baadaye litakuta uongo wako umefika kabla yako. Bora akaunti nyembamba inayoingia na kutoka kila wiki, inayoonesha kijana anayefanya kazi.

Nataka kuwa mkweli hapa, hata kama utanuna. Tumejiharibia wenyewe pia. Barua za ajira za kampuni ambazo hazipo, vyeti vya ndoa vya kuchapishwa Kariakoo, washikaji waliokwenda kwa wiki mbili na wakaingia mitini, wengine hadi leo wanabeba maboksi huko. Kila mmoja wao ameongeza siku kwenye faili la yule anayefuata.

Lakini sitaki wakubwa wafurahie maneno hayo na kufunga gazeti hapo. Lao linakuja.

Mgeni kutoka Ulaya akishuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam anatoa dola 50, anapigwa muhuri, anatafuta teksi. Mmarekani anatoa dola 100. Kama hapendi foleni, tangu Novemba 2018 anaweza kuomba kwa intaneti akiwa nyumbani kwake amevaa ndala. Sisemi tumfungie mlango. Watalii wanalisha watu wengi nchi hii, wakiwemo ndugu zangu. Ninachouliza ni hiki: tunapompokea hivyo, tumeomba nini kwa ajili ya kijana wa Kigogo? Wakubwa wetu wanakwenda Ulaya kila mwezi, wanasaini mikataba, wanapiga picha. Kwenye meza hizo kuna aliyewahi kuuliza kwa nini raia wetu mwenye makaratasi kamili anakaa miezi saba bila jibu?

Usidhani swali hilo ni dogo mno kwa meza za wakubwa. Siku za kusubiri viza ni jambo ambalo serikali hupigania na hata hupigana nalo. Oktoba 2021 Umoja wa Ulaya uliichukulia hatua Gambia, kwa maelezo kwamba serikali yake haishirikiani vya kutosha kuwapokea raia wake wanaorudishwa kutoka Ulaya. Kati ya hatua hizo, zile siku 15 zikaondolewa kwa Wagambia. Aprili 2024 ikafuata Ethiopia kwa sababu kama hizo, muda wa kawaida ukawekwa siku 45. Umeona? Wenzetu wanajua thamani ya siku zako. Wanazitumia kama fimbo ya kuichapa serikali, na mgongo unaochapwa ni wa mwanafunzi na mfanyabiashara mdogo. Basi kama siku zinaweza kuongezwa mezani, zinaweza pia kupunguzwa mezani. Anayetakiwa kuketi hapo kwa niaba yako analipwa mshahara kwa kodi ya vocha yako.

Umewahi kumkuta mtoto wa kigogo kwenye foleni ile ya saa kumi na mbili asubuhi, na bahasha yake kwapani? Mimi sijamkuta. Asiyesimama kwenye foleni hajui inauma wapi.

Na kabla hatujawafikia wazungu, kuna foleni yetu ya nyumbani. Ili uombe viza unahitaji pasipoti. Pasipoti mpya ya kielektroniki ilizinduliwa 31 Januari 2018 kwa shilingi 150,000, kutoka 50,000 za ile ya zamani. Ili upate pasipoti unahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, na nani asiyejua vijana waliosubiri vitambulisho hivyo hadi wakachoka? Kisha kwa miaka mingi kijana akifika Uhamiaji ameulizwa ushahidi wa safari. Unakwenda wapi? Nani kakualika? Barua iko wapi? Sasa angalia kitendawili hiki: chuo kinataka namba ya pasipoti ndipo kikuandikie barua, na dirishani wanataka barua ndipo wakupe pasipoti. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Haikusema haki hiyo ni ya mwenye barua ya mwaliko. Pasipoti ingekuwa kitu cha kawaida mfukoni mwa kila kijana, kama leseni, ungeipata ukiwa huna haraka, na siku nafasi inapotokea unaanza na ubalozi moja kwa moja. Miezi miwili au mitatu ingeokolewa bila kumwomba mzungu yeyote.

Hilo liko ndani ya uwezo wa serikali yetu asubuhi ya kesho. Halihitaji mkutano Brussels.

Basi wewe uliye kwenye foleni sasa hivi ufanye nini? Kwanza, usiache kazi. Chukua likizo ukipata viza, siyo kabla. Chombo chako cha kazi kiwe kitu cha mwisho kuuzwa, tena kiuzwe ukiwa umeshika pasipoti yenye viza mkononi na umesoma tarehe zake mara mbili, maana wapo waliopewa viza ya siku zilizokwisha kupita, muulize mwenye koti. Tiketi usilipe, weka oda tu, kwani mara nyingi wanachotaka kuona ni mpango wa safari. Chuo kikikupa nafasi, waandikie mapema uwaulize mwisho wa kufika ni lini na kama nafasi inaweza kusogezwa muhula unaofuata. Vyuo vingi hukubali vikiulizwa Julai, vichache hukubali vikiulizwa Oktoba. Fundi wetu hakuuliza. Aliona aibu kuonekana ana matatizo ya viza. Aibu hiyo hiyo!

Pili, kumbuka wanaposhika pasipoti yako wameshika na safari zako nyingine. Zambia, Malawi, Afrika Kusini, huko Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya kawaida, na kijana wa Kariakoo anayefuata mzigo Lusaka hawezi kukaa bila pasipoti miezi saba. Uliza kabla kama unaweza kuichukua huku ombi likiendelea. Baadhi huruhusu, wengine kwa malipo, wengine hukataa. Na ukiona subira inakula mtaji, una haki ya kuandika kwamba unaliondoa ombi lako na urudishiwe kitabu chako. Ada utakuwa umeipoteza, ndiyo. Lakini mzigo wa Lusaka utaufuata.

Tatu ni la kwetu sisi wa kijiweni. Tumwage mtu akiwa na viza, siyo akiwa na matumaini. Huu utaratibu wa kumchinjia mtu mbuzi kwa sababu amepangiwa miadi ya mahojiano umetuponza. Zamani vijana waliozamia meli bandarini hawakuagwa na mtu. Ulisikia tu fulani hayupo, na wapo waliotoswa baharini bila hata mama zao kujua siku. Simsifu mtu kuzamia. Nasema tumetoka kwenye safari isiyo na kwaheri tukaingia kwenye kwaheri isiyo na safari. Na mtu akisharudi au akikwama, swali la "bado upo?" tuliache. Yupo, unamwona, unauliza nini?

Wiki iliyopita nilimfuata fundi kwa dada yake. Friji ya mama watoto ilikuwa haigandishi, na kwa kweli nilikuwa na sababu mbili. Alikataa mwanzo, akasema hana vifaa. Tukaazima geji kwa yule yule aliyemwachia kibanda, tukapanda daladala, tukashuka kituo cha kawaida na kupita njia ya mbele, mchana kweupe. Mmoja kijiweni akafungua mdomo, akamtazama usoni, akaufunga. Kisha akauliza:

"Fundi, na feni unatengeneza?"

"Lete," akasema.